Bana Shaba Wamezeeka

Mwaka 1928 Union Minière du Haut-Katanga ilibadili namna ya kupata watu. Tangu ilipoundwa mwaka 1906, kampuni hiyo ya Wabelgiji ilikuwa ikisaka wanaume wa mikataba mifupi, ikiwatoa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Rwanda na Urundi. Wengi walifia kambini kwa nimonia na homa ya matumbo hata kabla hawajauzoea mgodi, na kila aliyekufa au kutoroka ilibidi atafutiwe mwingine kutoka mbali, kwa gharama. Ndipo kampuni ikaona afadhali kuwafanya watu wakae. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mke akakaribishwa, na watoto wakaanza kuzaliwa ndani ya kambi.

Msimamizi wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Chini yake karibu kila kitu kilipimwa: uzito wa mtoto mchanga, unga na nyama ya posho, mahudhurio ya mama kliniki. Mottoulle alitaka kizazi cha pili cha wafanyakazi kizaliwe penye mgodi na kikue na nguvu za kuufaa mgodi. Uzee haukuwamo katika hesabu zake. Mwanamume aliyechoka alitarajiwa kurudi kijijini, na ndugu zake wajue la kufanya.

Wengi hawakurudi. Kolwezi, mji uliopimwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi, ukawa ndio kwao. Watoto waliozaliwa katika kambi zake miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 leo wamevuka sabini. Kwa nini mmoja wao bado anataja majina ya makapita wake wote, yaani wanyapara, mmoja baada ya mwingine, na mwenzake wa rika hilo hilo hapati njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni? Mgeni anayekuja Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao dunia imeujua kwa kobalti, huangalia mashimo na kudhani jibu limo humo. Mashimo yalichelewa kuja. Sehemu kubwa ya jibu ilikwisha kuandikwa kabla mtu hajachimba hata futi moja chini ya sebule yake.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet, likiongozwa na Gill Livingston wa University College London, lilitoa orodha yake mpya ya mambo yanayomweka mtu katika hatari ya dimenshia, ugonjwa unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kujimudu. Orodha ya mwaka 2017 ilikuwa na mambo 9, ya 2020 mambo 12, hii ina 14. Jopo linakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yote yangeondolewa. Ila kwangu kilicho muhimu kuliko idadi ni kwamba kila jambo limepewa umri wake. Elimu ni ya utotoni. Usikivu, shinikizo la damu, kisukari, pombe, pigo la kichwa na sonona ni mambo ya umri wa makamo. Upweke, hewa chafu na macho yaliyofifia ni ya uzeeni. Kwa hiyo mengi yanayomsumbua mzee wa miaka 78 leo yalimpata zamani: mengine wakati wa Mbelgiji, mengine wakati wa Mobutu.

Tuanze na shule, maana ndiyo ya kwanza kwa umri. Katika Katanga, serikali, kampuni na Kanisa vilishikana mikono, na watoto wa kambini walikabidhiwa Wabenediktini waliokuwa chini ya askofu Jean-Félix de Hemptinne. Mvulana alipata miaka michache ya kusoma, kuandika na katekisimu, kisha ufundi: kufua chuma, useremala, umeme mdogo. Msichana alifundishwa kushona, kupika na kumwogesha mtoto, kwa sababu kampuni ilimhitaji awe mke wa mfanyakazi na basi. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, na nchi ilipojitawala tarehe 30 Juni 1960 Wakongomani wenye shahada hawakutosha kujaza basi.

Dari hiyo iliwekwa makusudi. Kampuni ilitaka watu wanaosoma maandishi ya onyo kwenye mashine, haikutaka watu wanaosoma mikataba. Gharama yake kwa ubongo imejulikana baadaye sana. Mtu aliyesoma miaka mingi hujiwekea akiba: ugonjwa ule ule ukishambulia bongo mbili, yenye akiba huendelea kumudu maisha ya kila siku kwa muda mrefu kuliko isiyo nayo. Watafiti waliowapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji ya Bangui na Brazzaville, kazi iliyoandikwa na Maëlenn Guerchet na wenzake, waliona dimenshia kwa asilimia 8.1 Bangui na 6.7 Brazzaville. Waliokuwa hatarini zaidi ni wakongwe zaidi, wanawake, wasiomaliza shule ya msingi, wenye shinikizo la damu, wenye sonona, waliokonda sana, na waliofiwa na mzazi wakiwa wadogo. Hilo la mwisho lingepaswa kumshtua yeyote anayejua jinsi mgodi unavyoacha yatima.

Lakini kambi zilikuwa na upande mwingine, na huo kampuni haikuupanga. Miaka ya 1950 padre Mfransisko Placide Tempels, yule aliyekuwa ametoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianza kukutana na wafanyakazi wa Kolwezi na wake zao. Kukutana huko kukazaa Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa hatua kwa hatua na mume na mke waliowatangulia, kwa Kiswahili cha Katanga, juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hapakuwa na kitabu cha kukariri. Mafundisho yalihifadhiwa kichwani, yakasemwa, yakajadiliwa usiku kucha, yakapelekwa kwa wengine. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, maaskofu wakaanza kuitilia Jamaa shaka na kuibana, lakini ilikuwa imekwisha kuenea migodi yote.

Mimi si mtu wa Jamaa na sina sababu ya kuipigia debe. Nasema tu kwamba kama daktari wa leo angeombwa abuni shughuli ya kumlinda mtu asiye na shule ndefu, angebuni kitu cha namna hiyo: marafiki wa kudumu, mazungumzo mazito kila wiki, mambo ya kukumbuka kwa mpangilio, na mwanamke aliyenyimwa darasa anapewa nafasi ya kuwa mwalimu.

Na haikuwa Jamaa peke yake. Katanga ya wafanyakazi ilikuwa nchi ya watu waliojizoeza kukumbuka. Mwaka 1965 watu waliokuwa maboi wa Wazungu waliandika kwa Kiswahili historia yao ya mji wa Élisabethville, na André Yav ndiye jina lililobaki juu yake. Miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimpelekea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi, mfululizo wa picha zipatazo mia za historia ya Zaire, akazieleza moja moja mbele ya kinasa sauti. Baadaye Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikaa na wazee wa kambi na wajane wao, akakusanya simulizi za familia za wafanyakazi. Kazi hizo zote zimesimama juu ya vichwa vya watu wa kawaida. Kichwa kikizima, jalada limefungwa.

Tugeukie miaka ya kazi. Mwanamume wa Kamoto au Musonoi, migodi ya Kolwezi, alishinda na mashine ya kutoboa mwamba, na baada ya mashine baruti, na baada ya baruti malori. Ukiketi na mstaafu wa mgodi wa chini utajikuta unapaza sauti bila kukusudia. Kupotewa na masikio katika umri wa makamo ni miongoni mwa mambo mazito kabisa katika orodha ya Lancet, na sababu zake zinaeleweka: ubongo hutumia nguvu nyingi kubahatisha maneno, zinabaki chache za kuyahifadhi; mtu akichoka kuuliza "unasemaje?" huacha kwenda kwenye mikutano; mwisho anakaa peke yake barazani. Mgodini hayo yaliitwa kazi tu. Ongeza jiwe lililoanguka kichwani, ongeza moshi wa salfa wa kiwanda cha Luilu kilichoanza mwaka 1960, ongeza bia ya Simba ya siku ya mshahara na lutuku, pombe kali ya kienyeji, ya siku nyingine.

Halafu shinikizo la damu. Bukari, yaani ugali, haina kosa. Chumvi inakaa katika kitoweo, na meza ya Kolwezi imelelewa na makayabu, samaki wa chumvi. Hata hivyo, wakati wa Union Minière, na baada ya Mobutu kuitaifisha mwaka 1967 na kampuni ya serikali iliyoirithi kuitwa Gécamines, mfanyakazi alikuwa na kinga moja ambayo mkulima wa kijijini hakuwa nayo: hospitali ya kampuni. Aliitwa kupimwa, alipewa dawa, na mkewe na watoto vilevile. Kazi njo baba, njo mama, watu walisema, na kwa habari ya dawa ya presha walisema kweli tupu.

Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC waliingia Kolwezi kutoka Angola. Wanajeshi wa Kifaransa wa Légion étrangère waliruka kwa miavuli tarehe 19. Ulaya inakumbuka zaidi Wazungu waliouawa katika siku hizo. Waliobaki kufagia barabara na kuzika mamia ya Waafrika ni wana wa kambi.

Pigo lililofuata lilitoka ndani. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 dari ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufika mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Kati ya matukio hayo mawili, siasa ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza iliwageuza watu wenye asili ya Kasai kuwa adui. Kuwafukuza kulianza katika mji wa Likasi mwaka 1992, Kolwezi ikafuata Machi 1993. Familia ambazo babu zao waliletwa na kampuni yenyewe zilitolewa majumbani, zikalala stesheni na kwenye madarasa kwa wiki na miezi zikingoja treni, na wengi, watoto hasa, walifia huko. Aliyekuwa na miaka 45 wakati ule alipoteza nyumba, kazi, majirani na wanakwaya wenzake kwa siku moja. Aliyebaki alipoteza nusu ya marafiki zake, na pengine alikuwa na jambo la kuficha. Sonona ya umri wa makamo inaingia katika historia kwa milango kama hiyo, na sijawahi kuona takwimu iliyoutendea haki mwaka 1993.

Kisha ikaja mwaka 2003. Wafanyakazi wa Gécamines walikuwa na takriban miaka mitatu ya mishahara isiyolipwa. Benki ya Dunia ikagharimia mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, Opération Départs Volontaires. Watu 10,655 walitia sahihi na kupokea malipo ya mkupuo, wengi wao wakiwa na zaidi ya robo karne kazini. Kuhusu hiyo hiari, nadhani kila mtu anajua mtu mwenye njaa anavyotia sahihi. Pesa ziliingia katika mashine za kusaga, teksi na vibanda, na kwa wengi ziliisha upesi. Waliodai kwamba hesabu yao ya mwisho ilipunjwa, ile dekonti finali, waliendelea kuandika barua na kuandamana kwa miaka mingi.

Wanauchumi walihesabu fedha. Daktari angehesabu vingine. Siku ile ile mtu alipoteza haki ya hospitali ya kampuni, kwa hiyo vidonge vyake vya presha. Alipoteza shule ya watoto. Alipoteza king'ora cha alfajiri, zamu, mkutano wa chama, na watu wa kumwita kwa cheo chake. Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuwaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao, katika kitabu chake cha mwaka 2001, kabla hata mpango huo haujaanza. Presha isiyotibiwa haiui kumbukumbu mara moja. Huziba mishipa midogo ya ubongo kidogo kidogo, kwa miaka kumi, ishirini. Ukitoka 2003 uhesabu ishirini, umefika hapa tulipo.

Ni baada ya hayo yote ndipo Kasulo ikaingia magazetini. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kiwanjani kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti nyingi. Habari haikukaa siri. Katika miezi michache mtaa mzima ukageuka mgodi: shimo jikoni, shimo uani, shimo sebuleni, njia za chini kwa chini zikipita chini ya vitanda vya jirani, magunia yakitolewa usiku. Aprili 2017 gavana Richard Muyej aliruhusu sehemu ya mtaa kuzungushiwa ukuta, ununuzi wa madini ukapewa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou ya China, na mamia ya kaya zikahamishwa.

Watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery pamoja na wenzao, waliupima mtaa huo kabla haujapoa. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kobalti katika mkojo na damu ya wakazi wa Kasulo ikiwa juu sana kuliko ya watu wa mtaa wa karibu usio na mgodi, na watoto wakiwa na hali mbaya zaidi, pamoja na dalili za kuharibika kwa DNA. Vumbi halikuuliza nani anachimba. Bibi aliyebaki nyumbani kulea wajukuu alilivuta sawa na mchimbaji.

Je, kobalti yenyewe hugusa akili? Ikizidi mwilini, ndiyo. Ushahidi ulio wazi umetoka mbali na Kolwezi, kwa wagonjwa waliowekewa nyonga za chuma zilizosagika na kumwaga kobalti katika damu. Mwaka 2010 Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Alaska, alieleza wagonjwa wawili wa namna hiyo, mmoja wao yeye mwenyewe. Masikio, moyo na fikra vilikuwa vimeathirika. Lakini viwango na njia ya kuingia ni tofauti, na kuruka kutoka nyonga ya Alaska hadi kwa mzee wa Kasulo ni kurahisisha mambo. Kuna hatari nyingine katika kurahisisha huko: kobalti ina mnunuzi mgeni wa kulaumiwa, na sote tunapenda hadithi yenye mgeni wa kulaumiwa. Shule iliyokatwa mwaka 1955, masikio yaliyokufa mwaka 1980 na vidonge vilivyokoma mwaka 2003 havina mshtakiwa rahisi hivyo.

Kwa upande wa akili za wazee, naona madhara ya Kasulo ya uhakika zaidi yamo katika kuhamishwa. Mtu ambaye kumbukumbu zimeanza kulegea hushikiliwa na mahali: mwembe ule, kisima kile, jirani anayejua kumrudisha nyumbani. Ukimtoa hapo akiwa na miaka 75, unamwona mgonjwa ghafla, ingawa ugonjwa ulikuwepo. Na katika mtaa wa watu wapya, mama mzee anayetangatanga usiku na kuwashtaki watu kwa vitu alivyoviweka mwenyewe haitwi mgonjwa. Huitwa mlozi, na wengine wamepigwa kwa hilo.

Kumtambua si kazi ngumu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha dimenshia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kisichodai kalamu wala shule. Mzee anaulizwa siku ya leo, anaulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji, anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno kumi, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Ukiweka chefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, mahali pa mwenyekiti, kipimo hicho kinafanya kazi Kasulo kesho asubuhi. Huko huko Hai iligunduliwa kwamba karibu wazee 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Mashine ya kupimia presha ni rahisi kuliko tairi moja la lori la mgodi.

Fedha nazo zina anwani. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na kobalti ilipotangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Asilimia 10 iliyobaki katika mgao huo huenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kilichotangulia, kile Mottoulle alichokipima uzito kikiwa kichanga, hakina fungu lake katika mgao huo.